Wimbo huu siupendi, nifanye nini? Mwalimu wa kwaya anajibu barua zenu

Mwezi jana niliuliza hapa swali moja tu, ni wimbo gani wa kanisani ukianzwa wewe unashusha pumzi na kuangalia saa, na kusema kweli sikutarajia moto ule. Barua zimekuja kutoka Kayole, Umoja, Rongai, Westlands, hata kutoka kwa watu wa kwaya wenyewe ambao nao wana ya moyoni. Siwezi kujibu zote, nimechukua zile zinazogusa wengi, na majina nimeyaacha kwa sababu anayelalamika na anayelalamikiwa mara nyingi wanakaa jumuiya moja na watakutana Jumatano.

Tumsifu Yesu Kristo Mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 58, niko Kayole tangu 1991. Kanisani kwetu tulikuwa tunaimba zile nyimbo za zamani kila mtu anazijua bila kitabu. Sasa vijana wamechukua kwaya, wameleta kibodi na spika mbili kubwa kama friji, kila Jumapili ni nyimbo mpya na zingine ni mdundo wa matatu kabisa, maneno ni adui zangu wataaibika, mimi nitainuliwa, mimi mimi mimi, hata wakati wa komunyo. Siku hizi naamka saa kumi na moja niende Misa ya kwanza kwa sababu haina kwaya. Mzee wangu ananiambia ati nimezeeka. Nakosea? Na Kanisa linaruhusu haya mambo kweli?

Milele na milele, amina. Mama, hujazeeka, na kukasirika hujakosea, lakini umefunga mambo mengi kwa kamba moja na mimi nataka kuifungua hiyo kamba polepole, manake kuna jambo hapo utalazimika kulivumilia tu, na kuna mengine una haki kabisa ya kwenda kwa paroko ukayasema.

Tuanze na ngoma na kibodi. Ungeandika barua hii mwaka 1950 ungeshinda bila hata kusikilizwa, kwa sababu tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa Kumi alitoa hati ya muziki wa kanisa na akakataza piano ndani ya kanisa, na ngoma, na matoazi, na vyombo vyote vya kelele. Lakini tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulipitisha Hati ya Liturujia na mlango ukafunguka. Namba 116 inasema uimbaji wa Kigregori, ule wa kale wa Kilatini, upewe nafasi ya kwanza, namba 119 inasema watu wa nchi za misheni wana muziki wao na huo muziki uheshimiwe katika ibada, namba 120 inasifu kinanda kikubwa cha mabomba kisha inaruhusu vyombo vingine mradi vifae kwa mambo matakatifu na wenye mamlaka wakubali. Na kumbuka Afrika haikungoja hata hiyo hati, kule Kongo mwaka 1958 Misa nzima ya Kilatini ilikuwa imeshaimbwa kwa ngoma na sauti za watu wa Kongo, ile inaitwa Missa Luba, na dunia ikaisikia. Kwa hivyo kijana wa Kayole akipiga ngoma kwenye Utukufu hajaiba kitu cha mtu.

Tena hizo unazoita za zamani, nazipenda kama wewe, nimezifundisha miaka mingi, lakini nyingi zilikuja na tuni zake kwenye masanduku ya wamisionari. Wakonsolata waliingia hapa 1902, na miaka hiyo Misa ilikuwa Kilatini, shosho yako alipoanza kusikia nyimbo za Kiswahili au za lugha ya nyumbani kwake na yeye alikuwa anasikia kitu kipya. Kuna watu wakati huo walinuna. Kwa hivyo upya peke yake si kosa, na mtindo ambao sikio lako haliupendi, huo Mama utaubeba, kama vile vijana wanabeba zile zetu ndefu za beti sita.

Lakini maneno! Hapo niko na wewe mia kwa mia. Hiyo hiyo hati ya 1963, namba 121, inataka maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho ya Kanisa na yatolewe hasa katika Maandiko Matakatifu na vitabu vya liturujia. Sasa mtu anatembea kwenda kupokea Mwili wa Kristo, mbele yake jirani yake, nyuma yake jirani yake, wote wanaenda kula mkate mmoja, na kwaya inaimba vile jirani ataaibika. Hiyo si shida ya ladha. Zaburi zina maadui ndani yake ndio, najua mtaniambia, lakini zaburi haiishii hapo, inamrudia Mungu, inamsifu, inakumbuka alivyotenda. Wimbo wa mimi nitainuliwa mara ishirini na nane (nimewahi kuhesabu, kwenye harusi moja) hauna mahali pa kumweka Kristo mwenyewe. Kama wimbo ni wa kesha au wa nyumbani unakupa nguvu ukiosha vyombo, imba, nani atakukataza, lakini komunyo ina kazi yake.

Halafu hiyo kibodi. Acha niwaeleze kitu nilichokiona kwa macho yangu mwaka jana nikiwa mgeni kwenye parokia fulani upande wa Eastlands. Kwaya imemaliza wimbo, kijana wa kibodi amewasha ule mdundo uliokuja ndani ya mashine, unabonyeza kitufe kimoja ngoma inajipiga yenyewe, sasa kitufe cha kuzima kimekataa au hakijui. Padre amenyoosha mikono, amesema Tuombe. Mdundo unaendelea, tss-tss-tu, tss-tss-tu. Padre akangoja. Kijana anabonyeza huku na huku jasho linamtoka, mwishowe mwenzake akachomoa waya ukutani. Sikucheka, nilimhurumia sana yule kijana, na nilimhurumia zaidi padre. Maelekezo yaliyo mwanzoni mwa Misale ya Kirumi, kile kitabu cha padre cha sala za Misa, namba 32, yanasema wazi kwamba padre akisali zile sala zake kusiwe na wimbo mwingine wala kinanda wala chombo chochote. Watu wengi wanaowapigia padre kibodi chini chini wakati wa sala ya Ekaristi wanadhani wanaleta utulivu kama kwenye sinema, hawajui. Waambieni kwa upole, wengi hawajawahi kuambiwa.

Na sasa lile lililonigusa zaidi kwenye barua yako, ambalo wewe ulilitaja tu ukapita: zamani kila mtu alikuwa anazijua. Mimi nina picha moja haitoki kichwani. Mama mmoja, pengine wa umri wako ama zaidi, Jumapili ya Majilio, alikuwa amekaa mbele yangu na kale kadaftari ka hesabu, ameka-cover na karatasi ya nailoni, ndani ameandika nyimbo zote kwa mkono wake, biro ya bluu ubeti, biro nyekundu kiitikio, kona za kurasa zimekunjika. Wimbo wa kuingia ukaanza. Akafungua, akalamba kidole, akatafuta, akarudi mwanzo, akatafuta tena. Haukuwepo. Akafunga kadaftari akakaweka kwenye kiondo. Matoleo, hivyo hivyo. Komunyo hakukatoa tena.

Kwaya siku hiyo iliimba vizuri, sauti nne safi, besi wanatetemesha viti. Lakini yule mama aliondolewa kwenye Misa yake na hakuna aliyeona. Mtakatifu Agostino kwenye kitabu cha kumi cha Maungamo anasema aliogopa sana zile nyakati ambapo uimbaji wenyewe ulimgusa kuliko kile kinachoimbwa, akajiona amekosa. Yeye alijipima mwenyewe. Mimi nikiwa mbele ya kwaya najiuliza swali lingine tena kila Jumapili: ni mdomo wa nani nimeufunga leo? Kama ni wako Mama, basi una kesi, na hiyo kesi hata mzee wako hawezi kuiita uzee.

Fanya hivi. Usiandike kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya, huko kila kitu kinawaka na hakuna kinachopikwa. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya, mkute baada ya mazoezi, umsalimie, umsifu kitu kimoja ambacho ni kweli (lazima kipo), halafu uombe wimbo mmoja tu ambao wazee wanaujua kila Jumapili, kwenye komunyo au wakati wa kutoka. Mmoja. Asiposikia, nenda kwa paroko na yale ya maneno na ya sala. Na Misa ya alfajiri isikuumize dhamiri, ni Misa kamili, kama pale ndipo unasali basi sali, ila mimi ningependa urudi kule kwa vijana hata Jumapili moja kwa mwezi na ukae karibu na kwaya, manake wakiona macho yako watakukumbuka wakichagua nyimbo.

Mwalimu sasa mimi ni wa upande ule mwingine. Niko 23, Umoja, nyimbo za wazee zinanilaza, natamani gitaa na kitu chenye uhai lakini tukileta gitaa tunaambiwa tuende kwa wale wa kanisa la mabati. Gitaa ni dhambi?

Si dhambi ndugu yangu. Ule wimbo wa Krismasi wa usiku mtulivu ambao hao hao wazee wanaulilia machozi kila mwaka uliimbwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 kijijini Oberndorf, Austria, na uliimbwa kwa gitaa, maneno ya padre Joseph Mohr, tuni ya mwalimu Franz Gruber. Waambie hivyo, kwa heshima.

Lakini na wewe nikuulize, umewahi kuusikia wimbo wa zamani ukiimbwa kwa mwendo wake? Manake mara nyingi wimbo hauna kosa lolote, ni vile unavyovutwa. Kiongozi mmoja alivuta miaka ya nyuma, wa pili akavuta zaidi, leo ubeti mmoja unachukua dakika mbili. Jaribu hivi: uimbe ukitembea kutoka stage ya matatu mpaka kanisani, mguu mmoja pigo moja. Kama pumzi inakuishia katikati ya mstari, mnaimba polepole kupita kiasi. Nimefanya hivi na kikundi cha vijana ambao walikuwa wameapa hawatagusa kile kitabu cha nyimbo za zamani, tukaimba wimbo wa Bikira Maria kwa mwendo wa kutembea na kayamba moja tu, wakaniuliza huu umetungwa lini. Gitaa leteni, ila lifuate waimbaji, lisiwatangulie.

Padre wetu mpya amekataza wimbo wa amani. Watu wamekasirika sana, wengine wanasema hapendi Waafrika. Mwalimu hii ni haki?

Hii inaniuma kuijibu kwa sababu mimi mwenyewe nimeongoza wimbo wa amani miaka na miaka, watu wanatoka viti wanavuka njia kusalimiana, watoto wanakimbia, ni kitu kizuri kukiangalia. Ila padre wako yuko sawa. Mwaka 2014 Roma ilituma barua kwa maaskofu wote kuhusu salamu ya amani, na humo imeandikwa kwamba uepukwe wimbo wa amani kwa sababu haupo katika Misa ya Kirumi, na kwamba watu wasihamehame kutoka mahali pao. Uafrika hauhusiki hapo, barua ile ilienda hata Ufaransa na Marekani.

Na angalieni kinachotokea kwenye makanisa yetu. Wimbo wa amani beti tatu, kisha padre tayari ameshika hostia anangoja, kwaya inakimbiza Mwanakondoo haraka haraka kama mtu anachelewa gari la mwisho, wakati mwingine hata haisikiki. Ile amani tumeiimba dakika nne, na yule uondoaye dhambi za dunia, ambaye ndiye amani yenyewe, tumempa sekunde ishirini. Shikaneni mikono na wa kulia na wa kushoto, mseme Amani ya Kristo mkiangaliana usoni, halafu ile nguvu yote mliyokuwa mnaweka pale ipelekeni kwa Mwanakondoo. Kwetu mwezi wa kwanza watu walinung'unika, baadaye wakazoea. Ila padre naye angewaeleza kabla ya kukata, hilo nalisema pia.

Nafunga ndoa mwezi wa nane, nataka kuingia na ile machi ya bibi harusi ya kwenye sinema, na komunyo iimbwe wimbo wetu wa mapenzi mimi na mchumba wangu. Kwaya imekataa. Si harusi ni yangu?

Hongera mpenzi. Ile machi ni ya Wagner, imetoka kwenye opera yake ya Lohengrin ya mwaka 1850, na kwenye hadithi ile inaimbwa wakati maharusi wanapelekwa chumbani, na ndoa yao inavunjika usiku huo huo. Mimi singeingia nayo. Kuna zaburi zinaimbika vizuri kushinda hiyo, muulize mwalimu wa kwaya akuimbie mbili tatu uchague wewe mwenyewe, uwe na sauti kwenye jambo lako. Wimbo wenu wa mapenzi uende kwenye sherehe, mkikata keki, hapo DJ auweke hata mara tatu. Komunyo siku hiyo ni ya wageni wote, hata yule shangazi wa kutoka Busia asiyeujua huo wimbo wenu.

Kwaresima tunazima kibodi ama tunapiga? Kila mwaka tunagombana.

Msigombane. Maelekezo ya Misale namba 313: Kwaresima vyombo vinaruhusiwa kwa ajili ya kusaidia waimbaji tu, kwa hivyo hakuna kupiga peke yake kabla ya Misa wala kujaza nafasi za kimya. Isipokuwa Jumapili ya nne, na sherehe na sikukuu. Kama kwaya yenu inaweza kusimama bila kibodi, zimeni kabisa, mtashangaa usiku wa Pasaka kikirudi.

Mwalimu mwenzangu, mimi naongoza kwaya Rongai. Tunafanya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, bila malipo, nauli yetu. Tunaleta nyimbo nzuri mpya, nyingi kutoka Tanzania, sauti nne, solfa imeandikwa ubaoni. Jumapili watu wanatuangalia tu kama televisheni, wakitoka wanasema hawakupenda. Nimechoka, nataka kuacha.

Usiache, tafadhali. Watu hawajui mtu ametoka kazini amesimama kwenye mvua kungoja matatu ili aje kufundisha alto mstari mmoja mara kumi na tano. Mimi najua. Na wale wanaowasema vibaya hapo nje ya kanisa wangekuja Alhamisi moja tu wakae nyuma wasikilize.

Lakini nikwambie kama mtu wa kazi moja nawe. Kuwaangalia kama televisheni, pengine ni kwa sababu mmewapa televisheni. Maelekezo ya Roma ya tarehe 5 Machi 1967 juu ya muziki mtakatifu, namba 16, hayakubali kwaya iimbe kila kitu peke yake na watu waachwe nje kabisa. Kwaya ina vipande vyake, imba ile kubwa ya sauti nne baada ya komunyo watu wakiwa wamekaa, watasikiliza na watashukuru. Lakini Bwana utuhurumie, Mtakatifu, Mwanakondoo, vile vya watu virudishie watu. Chagua Misa moja, yaani tuni za mtungo mmoja kwa hivyo vyote, uimbe hiyo hiyo kutoka Pentekoste mpaka Majilio. Wewe utachoka nayo, kwaya itachoka nayo, na hapo mnapochoka ndipo yule baba wa kiti cha mwisho anaanza kuishika.

Utukufu nao usibadilishe maneno. Najua kuna zile nyimbo fupi zenye neno utukufu ndani watu wanacheza, lakini Maelekezo ya Misale namba 53 yanasema maandishi yake hayabadilishwi na mengine. Na wimbo wa katikati ni zaburi ya siku hiyo, haichukuliwi nafasi na wimbo wowote kwa sababu tu solo wako anaupenda. Hivyo viwili ukivirekebisha nusu ya malalamiko inakwisha, nimeona.

Nyimbo mpya, usilete mpya tatu Jumapili moja. Leta mmoja. Dakika tano kabla ya Misa simama mbele bila kwaya, fundisha kiitikio peke yake, kwa sauti yako, bila kibodi, watu wakurudishie mara tatu. Rudia wimbo huo Jumapili nne mfululizo. Na angalia umeuanzia wapi! Sisi tuna soprano wetu wanaopenda juu, tunaanzisha mahali ambapo mama aliyeamka saa kumi na moja kupikia watoto chai hawezi kufika, sauti ya asubuhi bado imelala. Noti ya juu kabisa ya kiitikio ikiwa inawakaza shingo hata waimbaji wako, shusha toni nzima, shusha hata mbili. Chapa maneno kwa herufi kubwa, fotokopi ishirini tu zinatosha kuanza, na uzipeleke viti vya mbele upande ule wazee wanakaa, uwape mkononi wewe mwenyewe kabla ya kwenda kuvaa joho. Kama kuna mwenye daftari, mwazime biro.